Kabla Hujatuma Ile Namba, Uliza Nani Aliyehesabu

 

Kila maandamano yakipita mjini, hufuatwa na maandamano ya pili, haya ya kwenye simu. Moshi wa vitoa machozi haujaisha barabarani, kwenye WhatsApp tayari kuna hesabu ya waliokufa. Grupu hii inasema 10, ile 50, nyingine 200. Mjomba ametuma klipu, rafiki yako wa chuo ametuma nyingine inayosema kinyume, na serikali nayo imetoa taarifa yake. Halafu mnaanza kubishana, kila mtu na namba yake, na ukiuliza "hii umeitoa wapi?" jibu ni lile lile: "Nimetumiwa."

Tunakwambia hivi kama watu wanaotaka waliouawa wapate haki: namba iliyokuzwa haimuumizi aliyefyatua risasi. Inamsaidia.

Kumbuka usiku wa tarehe 25 Juni 2024. Mchana vijana walikuwa wameingia Bunge kuupinga Mswada wa Fedha, na watu wakapigwa risasi nje ya Bunge mchana kweupe. Usiku habari zikahamia Githurai. Risasi zilifyatuliwa, watu wakaumia, hilo si hadithi. Lakini kufikia asubuhi mitandao ilikuwa imejaa posti zinazosema zaidi ya watu 200 wameuawa pale peke yake. Tarehe 1 Julai, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilitoa hesabu yake ya Kenya nzima kuanzia tarehe 18 Juni: waliokufa 39, waliojeruhiwa 361. Nchi nzima, wiki mbili. Sasa fikiria yule mama wa Githurai ambaye mtoto wake alipigwa risasi kweli, na ana karatasi za hospitali. Akifungua mdomo anaambiwa, "Ahaa, nyinyi ndio wale wa 200." Uongo wa watu wasiomjua umemfunga yeye mdomo.

Sasa usielewe vibaya ukadhani basi tuamini ya serikali tu. La. Siku moja kabla ya hesabu ile ya KNCHR, tarehe 30 Juni, Rais William Ruto aliwaambia waandishi wa habari kwamba waliokufa ni 19. Kati ya 19 na 39 kuna watu 20, na kila mmoja ana kwao. Kabla mwaka haujaisha, hesabu ya tume ilikuwa imefika 60.

Mwaka uliofuata tukaona tena. Saba Saba, tarehe 7 Julai 2025, polisi walitaja waliokufa 11. KNCHR siku hiyo ilisema 10. Kesho yake KNCHR ikasema 31. Kuna waliocheka mitandaoni, ati hawa wanabadilisha namba kila siku, waongo tu. Kwani hesabu ya vifo inafanywaje? Jioni ya maandamano kuna majeruhi bado wako theatre. Kuna maiti ziko mochari bila jina. Kuna kaunti ambazo taarifa zao hazijafika. Mtu anayehesabu kwa uaminifu lazima namba yake isogee, manake anaongeza kila anapothibitisha. Ile namba inayotoka kamili usiku wa kwanza na haisogei tena ndiyo ya kuogopa.

Kwa hivyo ukiletewa namba, iwe ya serikali au ya mwanaharakati unayempenda, iulize maswali. Ni nani aliyehesabu? Ni ya kuanzia siku gani hadi siku gani? Ni Nairobi au nchi nzima? Walihesabu vipi, kwa kwenda mochari na hospitali na kuongea na familia, au kwa kukusanya posti? Mara nyingi utakuta watu wawili wanaogombana wote wako sawa: mmoja ana hesabu ya jioni, mwingine ana ya wiki nzima. Dakika mbili za kuuliza zingemaliza ugomvi wa masaa matatu.

Asilimia nazo ziangalie vizuri. Muungano wa Missing Voices uliripoti kwamba watu waliotoweshwa kwa nguvu waliongezeka kwa asilimia 450 mwaka 2024. Ni kweli: walitoka 10 mwaka 2023 wakafika 55. Ripoti hiyo hiyo inaonyesha mauaji nje ya sheria yalishuka kutoka 118 hadi 104. Anayetaka kukutisha atachukua ya kwanza peke yake. Anayetaka kukutuliza atachukua ya pili peke yake. Wewe chukua zote mbili, kisha useme kilicho kweli: utekaji ulipanda vibaya sana mwaka wa maandamano, na mauaji bado yalikuwa zaidi ya 100. Hapo hoja yako ni nzito, na hakuna wa kukuangusha. Ukisikia asilimia bila namba zenyewe, omba namba zenyewe.

Taarifa ya polisi ipime kama unavyopima posti ya TikTok. Muhuri wa serikali si ushahidi. Juni 2025, kijana mwalimu na mwanablogu alifia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central, Nairobi. Polisi walisema aligonga kichwa mwenyewe kwenye ukuta wa seli. Madaktari walipoupasua mwili wakakuta majeraha ya kichwa, alama za kukabwa shingo, na majeraha sehemu nyingine nyingi za mwili, na wakasema hayo si ya mtu aliyejigonga. Inspekta Jenerali wa Polisi, Douglas Kanja, aliishia kuomba radhi mbele ya Seneti. Utaona kwamba stori ya polisi haikuangushwa na kelele za mitandao peke yake. Kelele zilisaidia isizikwe, lakini kilichoiangusha ni ripoti ya daktari.

Na vyombo vya habari je? Usiseme tu "media imenunuliwa" halafu ukalale, na usiseme "imetoka kwenye TV basi ni kweli." Tarehe 25 Juni 2025, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo vya TV na redio visitishe matangazo ya moja kwa moja ya maandamano, na mitambo ya baadhi ya vituo ikazimwa. Mahakama Kuu iliisimamisha amri hiyo siku hiyo hiyo. Aliyewasha TV saa ya kuzimwa asione kitu angesema mji umetulia. Wakati kama huo jiulize: hakuna habari kwa sababu hakuna kilichotokea, au kwa sababu kuna aliyezima? Pia jua kwamba serikali ni mteja mkubwa wa matangazo ya biashara kwenye vyombo vyetu, na mteja mkubwa huogopwa. Kwa hivyo soma gazeti moja, kisha soma la mshindani wake. Angalia nani ana mwandishi aliyekuwepo pale, na nani ananukuu tu taarifa ya polisi. Angalia habari inaanza na maduka yaliyovunjwa au watu waliokufa, na kama imetaja yote mawili. Kupora duka la mtu ni haramu na lazima kusemwe. Lakini kioo cha duka kisihesabiwe kabla ya roho ya mtu.

Maneno pia ni data. Sisi tunaijua hii vizuri zaidi ya wengi. Mombasa ilipowaka Agosti 2012 baada ya kuuawa kwa Sheikh Aboud Rogo, na polisi walipoingia Masjid Musa Februari 2014 wakakamata zaidi ya watu 100, kijana wa Majengo alipewa jina moja kwenye habari, awe amerusha jiwe au alikuwa anasali tu. Wengi wa waliokamatwa Masjid Musa waliachiliwa baadaye, lakini jina halikufutwa. Mwaka 2025 Waziri wa Usalama wa Ndani, Kipchumba Murkomen, aliyafananisha maandamano ya Juni na ugaidi, na vijana kadhaa wa bara wakapelekwa mahakamani kwa mashtaka hayo. Wenzetu wengi walishtuka. Sisi tulikuwa tumeshaisikia lugha hiyo. Kwa hivyo ukisoma "magaidi", "wahuni", "waliolipwa", uliza: nani kasema, na ushahidi uko wapi? Na wewe ukiandika "polisi wote ni wauaji", umefanya lile lile ulilofanyiwa.

Hii si elimu ya kigeni kwetu. Surat al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu bila kujua tukabaki kujuta. Wafasiri wengi wanaieleza kwa kisa cha mjumbe aliyerudi Madina na habari kwamba kabila moja limekataa kutoa zaka, na nusura jeshi litumwe juu ya watu wasio na kosa. Tena wanavyuoni wetu walitumia umri wao kukagua mnyororo wa wapokezi: nani kasikia kwa nani, alikuwepo au hakuwepo, ni mkweli, kumbukumbu yake ni nzima? Mpokezi akikosekana katikati, wanasimama. Ile alama ya WhatsApp inayokuonyesha ujumbe umetumwa mara nyingi ina maana mnyororo wake umekatika. Kwenye hadith tunataka isnad. Kwenye damu za watu tunaridhika na "nimetumiwa"?

Basi fanya haya. Klipu ikija, itafute picha yake kwenye Google uone kama ni ya mwaka jana au ya nchi nyingine. Soma mabango ya maduka, namba za matatu, sikiliza lugha inayozungumzwa. Pitia PesaCheck na Africa Check uone kama wameshaichunguza. Ukikosa uhakika, usiitume. Hakuna dhambi ya kunyamaza saa mbili.

Na kama wewe ndiye uliyerekodi, usiifute ile video ya asili kwenye simu yako. WhatsApp ikiipitisha huibana na kuondoa taarifa za saa na mahali. Andika ulikuwa wapi na saa ngapi, weka nakala salama, wapelekee KNCHR, IPOA au wakili. Usiziweke hadharani nyuso za waandamanaji. Aprili 2025 filamu ya BBC, Blood Parliament, iliwatambua maafisa waliofyatua risasi pale Bunge kwa kuchambua picha zaidi ya 5,000, nyingi zikiwa za watu wa kawaida waliokuwepo. Klipu yako ya sekunde kumi, ikiwa safi, inaweza kuwa shahidi siku familia itakaposimama mbele ya hakimu.

Siku hiyo hakimu hataulizia likes. Ataulizia jina, tarehe, mahali, na nani aliona. Mwenye kukana anaomba Mungu tuje na kelele. Tusimpe.

Allah awarehemu waliotangulia, awape subira wazazi wao, na atujaalie tuwe mashahidi wa kweli. Amin.