Mwanga wa saa za zamani ulitoka Kongo, wanaoziiga leo waseme hivyo

Nilikuwa Kalengera, kwenye barabara ya taifa namba 2, pale njia ya kwenda Tongo inapoachana na ile inayotoka Goma kuelekea Rutshuru. Gari la kurudi Goma lilichelewa, nami nikampa fundi wa saa kazi ya kubadilisha betri ya saa yangu. Kwenye meza yake ndogo palikuwa na saa nyingine iliyoandikwa Rolex na kuchorwa taji. Nikamuuliza: "Papa, hii ni Rolex kweli?" Akacheka. "Mwanangu, jina ni la Rolex. Saa ni ya mtu mwingine."

Jibu lile limenikaa kichwani. Jina ni kitu kimoja, na saa ni kitu kingine. Kuna watu huko Ulaya, Marekani na Asia ambao wameijenga kazi yao ya jioni juu ya tofauti hiyo. Hao si wafanyakazi wa kiwanda. Ni walimu, wahandisi, wastaafu, watu wanaonunua kasha la chuma hapa, kioo kule, mishale pengine, na mashine ya ndani kwingine, kisha wanakaa mezani na kuunda saa inayofanana na zile za miaka ya 1940 au 1950. Mimi naziita saa za kuenzi. Mwenye kuuza feki anaandika jina la mwingine ili akudanganye. Mwenye kuenzi anaiga umbo, lakini haandiki jina lisilo lake. Wengine huacha uso wa saa bila jina lolote, wengine huweka la kwao.

Historia yao si ndefu, lakini ina mafunzo. Desemba 1969, kampuni ya Seiko ya Japani iliuza saa yake iitwayo Astron, saa ya kwanza ya mkono ya kwatsi kuingia sokoni. Betri ikachukua nafasi ya springi, na saa zikawa sahihi zaidi na baadaye zikawa za bei rahisi. Uswisi, nchi iliyojivunia saa kuliko zote, ikapoteza takriban theluthi mbili ya ajira za kazi hiyo kufikia katikati ya miaka ya 1980. Watu waliamini kwamba saa ya springi imekufa.

Haikufa. Ilirudi kama mali ya matajiri, na saa kuukuu zikaanza kuuzwa kwenye minada kwa pesa za kutisha. Oktoba 2017, mjini New York, saa ya Rolex Daytona iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 17. Mtu wa kawaida anayependa saa za aina hiyo atafanya nini? Wengine waliamua kujitengenezea.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wengi walipenda kuiga saa kubwa za Panerai, kampuni ya Florence iliyotengenezea jeshi la majini la Italia vifaa vya wapiga mbizi tangu miaka ya 1930. Sababu ilikuwa rahisi: kasha ni pana, na ndani yake inakaa mashine ya Unitas 6497, iliyobuniwa kwa saa za mfukoni, ambayo hata mkono wa mwanafunzi unaweza kuifungua na kuifunga. Wengine walifungua saa za Seiko na kubadilisha uso, mishale na kioo. Mmarekani Bill Yao alianza hivyo, kisha akaanzisha kampuni ndogo ya MKII. Baadaye mashine ya NH35, ya kundi hilohilo la Seiko, ikaanza kuuzwa kwa yeyote anayetaka, na vipuri vikamiminika kutoka China. Leo mtu anaweza kuunda saa yake jioni moja.

Mimi siwalaumu watu hawa. Kuiga ni shule ya kwanza ya fundi. Hapa Goma, nani alijifunza kuchonga chukudu bila kuangalia chukudu ya mwingine? Nawaheshimu pia kwa sababu wamekataa kuandika jina la uongo. Lakini ni hapohapo kwenye uaminifu wao ndipo nina neno la kuwaambia.

Saa ya kuenzi inapokamilika, namba na mishale hupakwa rangi inayong'aa gizani. Wengi hawataki rangi nyeupe ya kisasa. Wanataka ile yenye umanjano wa kahawia, kama karatasi iliyokaa miaka mingi kwenye sanduku. Viwanda vinaiuza tayari ikiwa imechanganywa, na jina lake ni "radiamu ya zamani". Haina radiamu hata chembe. Ni unga usio na hatari, wa aina iliyoanza na uvumbuzi wa kampuni ya Nemoto ya Japani mwaka 1993. Kinachoigwa ni uzee wa radiamu ya kweli, ile iliyopakwa kwenye saa hadi viwanda vikaiacha miaka ya 1960.

Sasa tuulize: radiamu hiyo ya kweli ilitoka wapi?

Kwa sehemu kubwa, ilitoka kwetu. Mawe ya Shinkolobwe, katika Katanga, yaligunduliwa mwaka 1915. Mwaka 1921 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ikaanza kuyachimba. Vibarua waliyachagua kwa mikono, yakapakiwa kwenye treni na meli hadi kiwanda cha Olen, Ubelgiji, ambako radiamu ya kwanza ilitoka mwaka 1922. Ili kupata gramu moja tu ya radiamu, inabidi kuwe na takriban tani tatu za urani. Lakini mawe ya Shinkolobwe yalikuwa tajiri kiasi kwamba bei ya radiamu, iliyokuwa zaidi ya dola 100,000 kwa gramu, ilishuka hadi karibu dola 70,000, na machimbo ya Colorado huko Marekani yakafungwa kwa kushindwa kushindana. Kwa takriban miaka kumi, hadi Canada ilipoingia sokoni miaka ya 1930, karibu radiamu yote ya dunia ilitoka Kongo kupitia Ubelgiji.

Maana yake ni kwamba saa nyingi zilizong'aa gizani miaka hiyo, mkononi mwa askari au rubani, ziling'aa kwa jiwe lililobebwa na kibarua Mkongo. Uso wa saa ukaandikwa jina la kampuni, na chini yake jina la Uswisi. Kongo haikuandikwa popote.

Kuna watakaoniambia: radiamu ilikuwa sumu, kwa nini tunaidai kama sifa? Ni kweli ilikuwa sumu. Wasichana wa viwanda vya New Jersey na Illinois walionyoosha ncha za brashi kwa midomo yao waliugua mifupa na taya, na wengi wakafa. Watano kati yao walishtaki kampuni, na mwaka 1928 wakalipwa fidia. Leo dunia inawajua, vitabu na filamu vimetengenezwa juu yao. Basi nauliza: majina ya waliochagua mawe kwa mikono kule Shinkolobwe yako wapi? Siidai radiamu kama sifa. Nadai hesabu.

Wengine watasema kwamba mtu anayeunganisha saa yake jioni hana kosa lolote katika mambo ya ukoloni. Nakubali. Hakumwajiri kibarua wala hakuuza gramu moja. Lakini ni yeye aliyechagua neno kuenzi, na ni yeye anayelipia rangi yenye jina la radiamu. Ukienzi umbo la kitu, ukaenzi hata uzee wake, kisha ukasahau kilikotoka, umeenzi nusu.

Kwa nini nayasema haya kutoka Kivu ya Kaskazini, mbali na Katanga? Kwa sababu naiona hadithi hiyohiyo ikianza upya karibu na nyumbani. Rubaya, katika Masisi, inatoa takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia. Koltani hiyo inaingia kwenye simu na kompyuta. Wanaoichimba kwa sururu na koleo, wengine wakifukiwa na udongo, hawaandikwi popote. Kuna siku, labda mwaka 2080, watu watakaa mezani jioni na kuunda upya simu za zamani za miaka yetu kwa mapenzi. Watajua kila modeli na kila mwaka wa kutolewa. Je, watajua jina Rubaya?

Jibu linategemea tunachoandika leo. Mwanafunzi wetu anayefundishwa jina la Marie Curie afundishwe pia jina la Shinkolobwe, mgodi ambao urani yake iliingia kwenye bomu la Hiroshima mwaka 1945, na ambao bado uliua wachimbaji wa mikono ulipoporomoka mwaka 2004. Wazee waliobaki wenye kumbukumbu za machimbo wasikilizwe na kurekodiwa kabla hawajaondoka. Na sisi waandishi wa habari tunaporipoti vifo vya machimboni tusiishie kwenye idadi. Familia ikikubali, tuandike nani, wa kijiji gani, aliacha watoto wangapi.

Kwa wajenzi wa saa za kuenzi, ombi langu ni dogo. Mnapomkabidhi mtu saa yenye rangi ya radiamu ya zamani, wekeni ndani ya sanduku karatasi moja yenye mstari mmoja: mwanga tunaouiga hapa ulichimbwa Shinkolobwe, Kongo. Haigharimu kitu, na ninyi mmeshaonyesha kwamba hampendi kuandika uongo kwenye uso wa saa.

Gari langu lilifika Kalengera jua likielekea kuzama. Nililipa betri, nikavaa saa yangu, nikapanda. Ile ya taji ilibaki mezani, ikisubiri mtu atakayeinunua kwa ajili ya jina.