Maua ya Greenwich hayana kiingilio

Pasaka ikikaribia, sisi tunaolea wazee hapa London huulizana nani atafanya nini siku ya mapumziko. Wengi hujibu: kulala. Nawaelewa, zamu za usiku zinachosha. Hata hivyo nawasihi waamke.

Ukiwa Woolwich au Plumstead, panda basi namba 53, shuka Blackheath, vuka uwanja uingie bustani ya Greenwich bila kulipa hata senti. Karibu na jumba la Ranger's House kuna njia yenye miti ya cheri huku na huku, matawi yamekutana juu, na Aprili huwa rangi ya waridi. Kuna wanaokwenda hadi Kyoto kwa fedha nyingi kuona sakura za namna hiyo.

Mama mdogo aliponitembelea kutoka Tanga, nilimpeleka huko kwanza. Aliwatazama Wajapani, Wasomali na vikongwe wa Kiingereza wakitandika mikeka.

"Mwanangu, hawa wote wamefuata maua tu?"

"Maua tu, mama."

"Basi na sisi tukae."

Tulikaa hadi jua likatuacha.

Maua haya yana watu walioyapigania. Aina moja yenye maua makubwa meupe, Taihaku, ilikuwa imetoweka Japani. Mwingereza wa Kent, Collingwood Ingram, ndiye aliyeirudisha mwaka 1932, kwa vipandikizi vilivyochomekwa kwenye viazi ili visikauke safarini.

Na kuna bustani ninayoipenda kuliko zote, ile ya London Blossom Garden kule Stratford, iliyofunguliwa Mei 2021. Ina miti 33 inayochanua, ya kuwakumbuka wakazi wa London waliokufa kwa Korona. Sisi wa nyumba za wazee tulifunga macho ya watu ambao watoto wao waliwaaga kwa simu. Jiji lililochagua kuwakumbuka kwa mti unaochanua kila mwaka lilichagua vema.

Kwetu maua yapo. Mikrismasi ya Dar es Salaam huwaka nyekundu Desemba, na mijakaranda ya Nairobi hugeuka zambarau kuanzia Septemba. Asiye na nauli ya kwenda Serengeti angeweza kuwapeleka wanawe chini ya miti hiyo Jumapili, kama ingekuwa na benchi, kivuli na ulinzi. Badala yake barabara ikipanuliwa, mti ndio wa kwanza kwenda. Ule mugumo, mti mkubwa wa kando ya barabara ya Waiyaki Way, Nairobi, ulinusurika kukatwa Novemba 2020 kwa sababu wananchi walipaza sauti. Mingine mingi ya njia hiyo haikupata mtetezi.

Madiwani wa Dar, Tanga, Mombasa na Nairobi, nawaomba: kabla ya mkataba wa barabara kusainiwa, hesabuni miti iliyopo, na mkandarasi alazimishwe kuikwepa.