Tela dogo nalo lipimwe

Simama asubuhi kando ya barabara itokayo Gitega kwenda Bugendana, umtazame kijana anayepakia ndizi kwenye baiskeli. Mikungu mizito huifunga karibu na mgongo wake, myepesi huiweka nyuma, na pande zote mbili huzilinganisha. Akimaliza hubonyeza usukani kuona kama gurudumu la mbele limekaa sawasawa ardhini. Likielea, hupakua na kupanga upya. Hakufundishwa chuoni. Kilichomfundisha ni mteremko, maana baiskeli yenye mkia mzito haishikiki usukani.

Elimu hiyo tunayo. Jambo linalonishangaza ni kwamba tunaiacha mara tu tunapotoka kwenye baiskeli na kuingia kwenye pikapu yenye tela nyuma.

Matela haya madogo ya magurudumu mawili yamekuwa ya kawaida katika vilima vyetu. Uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni umemlazimu mfanyabiashara kubeba kwa safari moja mzigo wa safari mbili. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea tela kwa mabomba, mabati na ekseli ya gari lililokufa. Hubeba saruji, viazi, mahindi, jenereta, matangi ya maji, hata mahema na viti vya harusi. Siyakatai. Ni msaada mkubwa kwa vijiji ambavyo lori haliendi kwa ajili ya mifuko ishirini tu.

Mwaka jana, katika mteremko mmoja si mbali na misheni ya Mutoyi, nilikuwa nyuma ya gari la namna hiyo. Tela lilibeba saruji na mabati. Mifuko ya saruji ilipangwa nyuma kabisa, karibu na mlango wa tela, kwa sababu ndiyo ingeshushwa kwanza. Juu yake alikaa utingo. Gari lilipopata kasi tela likaanza kuyumba, kushoto na kulia, na kila mara likaenda upana zaidi. Dereva akakanyaga breki kwa nguvu. Tela likausukuma mkia wa gari, na vyote viwili vikaishia mtaroni. Utingo alivunjika mguu. Waliokusanyika walilaumu barabara, wengine wakalaumu haraka ya dereva. Hakuna aliyeitaja ile mifuko iliyopangwa nyuma.

Mimi nailaumu mifuko, au tuseme mahali ilipowekwa. Tela ni kama bembea ya watoto, na ekseli yake ndiyo gogo la katikati. Ukiweka mzigo mwingi nyuma ya ekseli, shingo ya tela huinuka na kuuvuta juu mkia wa gari. Magurudumu ya nyuma ya gari hushika barabara kwa nguvu kidogo, na tela hupata uhuru wa kuyumba. Kwenye tambarare na kwa mwendo wa polepole huoni kitu. Kwenye mteremko kasi huongezeka, na kuyumba kudogo huzaa kukubwa. Breki ya ghafla huzidisha balaa, kwa sababu gari hupunguza mwendo huku tela lisilo na breki likiendelea kulisukuma. Dereva mwenye busara huachia mafuta taratibu, hushika usukani ukiwa umenyooka, na husubiri tela litulie. Lakini dereva mwenye busara zaidi ni yule aliyepakia vizuri kabla ya kuondoka, na aliyeanza kuteremka akiwa kwenye gia ndogo.

Kupakia vizuri kuna hesabu yake, nayo si ngumu. Tela likiwa na mzigo wake wote, sehemu ya uzito huo inapaswa kukaa kwenye shingo, pale linapoungana na gari. Kanuni inayotumika sana Marekani ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Tela la kilo 1,000, basi, liweke kilo 100 hadi 150 shingoni, bila kuzidi kiwango ambacho kiungo cha gari kimeandikiwa. Ikipungua, tela litayumba. Ikizidi, utaingia katika tatizo la pili.

Tatizo la pili ni hili. Kiungo cha tela huwa nyuma ya magurudumu ya nyuma ya gari. Tuseme kiko mita 1.2 nyuma ya ekseli, na kutoka ekseli ya nyuma hadi ya mbele ni mita 3. Ukiweka kilo 150 pale, magurudumu ya mbele hayabaki kama yalivyokuwa. Hupoteza kilo 60, na ekseli ya nyuma hubeba kilo 210. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayoongoza gari, na breki zake ndizo zinazofanya kazi kubwa zaidi. Ukiyaondolea uzito, usukani huwa mwepesi na gari huchelewa kusimama. Usiku taa huangalia juu na kumpofusha anayekuja mbele yako.

Huko Marekani, wanaovuta nyumba za kupigia kambi wana chuma maalumu cha kutibu jambo hili. Ni kiungo chenye fito mbili za springi zinazopita chini ya shingo ya tela na kukazwa kwa minyororo. Fikiria mikono ya toroli imechomekwa nyuma ya gari, na watu wawili wanaiinua. Mkia wa gari utapanda, na uzito utarudi kwenye magurudumu ya mbele. Fito zile hufanya kazi hiyo hiyo. Hugawa uzito, sehemu ikaenda mbele ya gari na sehemu ikarudi kwenye ekseli ya tela.

Kukifunga kunahitaji tepu na subira. Unaegesha mahali pa tambarare, unapima kutoka ardhini hadi ukingo wa madigadi ya mbele kabla ya kuunganisha tela, unaandika. Unaunganisha tela lenye mzigo wake bila kukaza fito, unapima tena. Tuseme madigadi yamepanda sentimita 4. Unakaza fito mpaka yashuke nusu ya kiasi hicho au zaidi, kwa kufuata kitabu cha mtengenezaji. Usikaze hadi mbele ikawa chini kuliko mwanzo, maana hapo utakuwa umeyanyang'anya uzito magurudumu ya nyuma, nayo yatateleza kwenye matope.

Nimekieleza kifaa hiki kwa kirefu kwa sababu kimeanza kuingia na magari ya mitumba, na nimeona mafundi wakijaribu kukiiga. Nawasihi wasiharakishe. Fito zile huvuta kwa nguvu kubwa, na shingo ya tela iliyotengenezwa kwa bomba la maji inaweza kupinda au kukatika. Tena kifaa hiki hakiongezi hata kilo moja kwenye uwezo wa gari, wala hakitibu tela lililopakiwa mkia mzito. Anayekinunua ili aendelee kupanga saruji nyuma anatupa fedha zake. Kwa matela yetu mengi dawa ya kwanza ni ya bure: panga mzigo mzito chini, juu ya ekseli na mbele yake kidogo, kisha upime.

Kwa mizani ipi? Gitega na Muyinga ni nchi ya kahawa, na penye kahawa pana mizani. Tandika ubao mgumu, ncha moja juu ya tofali na nyingine juu ya mizani, na uanze kusoma kutoka sifuri ukiwa ubao peke yake umeshakaa. Weka shingo ya tela juu ya ubao, theluthi moja ya njia kutoka kwenye tofali, tela likiwa limelala sawa kama linavyovutwa. Zidisha mara tatu namba utakayosoma. Mizani ikionyesha kilo 40, shingo ina kilo 120. Kazi hii haifiki nusu saa.

Sasa nije kwa wakubwa. Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007, haijakubaliana hata upande wa kuendesha. Ukitoka Kabanga, Tanzania, ukaingia Kobero, Burundi, unahama kutoka kushoto kwenda kulia. Lakini imekubaliana kuhusu uzito. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima, na haikuishia hapo. Imehesabu pia ekseli moja moja, kiasi kwamba ekseli yenye magurudumu manne haipaswi kuzidi tani 10. Lori linaweza kuwa na uzito halali kwa jumla na bado likakamatwa Vigwaza kwa sababu ekseli moja imeelemewa.

Waliotunga sheria hiyo walikuwa na sababu. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa uharibifu wa lami hupanda kwa kasi kuliko uzito wenyewe. Ekseli iliyobeba mara mbili huweza kuumiza barabara karibu mara kumi na sita. Kwa hiyo Jumuiya inajua, na imeandika katika sheria, kwamba mahali uzito ulipo ni jambo kubwa sawa na wingi wake.

Ila sheria hiyo inaanzia tani 3.5. Pikapu ya kawaida na tela lake dogo hupita kando ya mizani. Naelewa kwamba lengo lilikuwa kulinda lami, na gari dogo haliiumizi lami sana. Lakini mguu wa utingo je? Ninaona wakati umefika wa nchi wanachama kuwa na kanuni fupi ya pamoja kwa matela madogo, yenye mambo manne tu.

Kwanza, kila tela liwe na kibati kinachoonyesha uzito wake mtupu, uzito wa juu, na uzito unaotakiwa shingoni. Pili, gololi ya chuma ya kuungia tela na kikombe kinachoifunika viwe na kipimo kilichochapwa. Magari yetu hutoka Japani, Ulaya, Marekani na Dubai, na vyuma vyao havilingani. Gololi ya Ulaya ni milimita 50. Kuna ya Marekani yenye milimita 47.6. Kikombe cha 50 kitakaa juu ya gololi hiyo ndogo, kitaonekana kimeshika, na kitaruka kwenye shimo la kwanza. Tatu, kila tela liwe na minyororo ya akiba na taa. Nne, tela zito liwe na breki zake. Nchi za Ulaya zimeweka mpaka kwenye kilo 750. Juu ya hapo tela lisilo na breki haliruhusiwi. Sisi wenye mteremko wa Bugarama hatuna sababu ya kulegeza kuliko wao.

Najua jibu litakalotolewa. Kanuni mpya ni kizuizi kipya barabarani, na kizuizi kipya ni mkono mpya unaonyooshwa dirishani. Hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo maana sipendekezi askari apewe kazi ya kukisia uzito kwa macho. Ukaguzi ufanyike mara moja, tela linapotengenezwa na kusajiliwa, na gharama iwe ya kibati tu. Baada ya hapo kazi ni ya shule za ufundi, ili anayejifunza kuchomelea ajifunze pia ekseli ikae wapi. Mengi ya makosa haya huzaliwa gereji. Ekseli ikiwekwa katikati kabisa ya sakafu au mbele yake, dereva atahangaika kupanga mzigo maisha yake yote.

Na kuna mtu mmoja ambaye sheria huwa haimgusi, naye ni mwenye mzigo. Yeye ndiye anayesema ongeza mifuko mitano, yeye ndiye anayetaka saruji iwe mlangoni ili ishushwe upesi, na yeye hayumo garini. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kanuni ikiandikwa, imtaje naye kwa jina la kazi yake: mpakiaji, mmiliki, dereva, wote watatu.

Kabla kanuni haijafika, kila mwenye tela anaweza kuanza Jumamosi hii kwa ubao, tofali na mizani ya kahawa. Na utingo ashuke juu ya mzigo. Kilo zake sitini, zikikaa mwisho wa tela, zinatosha kulifanya tela lililopakiwa sawasawa kuwa tela lenye mkia mzito, na likiyumba yeye ndiye wa kwanza kurushwa.