Kamati ya Hanang, vitu vidogo tuachieni wenyewe

Najua nimepotea kama wiki mbili hivi, lawama zote zipelekeni kwa tesiti, maana huku Babati tumebanwa hadi mtu anasahau kama amekula. Leo nimejiiba kidogo kwa ajili ya jambo moja tu: safari ya Hanang.

Wale tulio kwenye grupu tumeiona orodha iliyotumwa na kamati juzi usiku. Orodha yenyewe nzuri, sibishi. Maji lita tatu kila mtu, sweta, koti la mvua, chakula cha mchana, tochi, filimbi, dawa kwa mwenye dawa zake. Kilichonikosesha usingizi ni ule mstari wa mwisho: kwamba tukifika gesti Katesh jioni, tochi, filimbi, dawa na hela ya dharura zikusanywe zote, zifungwe kwenye begi moja la huduma ya kwanza, na begi libebwe na mweka hazina "ili visipotee". Mie napinga. Na nimeamua kupingia hapa kwa sababu kule kwenye grupu ukizidisha mistari mitatu unatumiwa stika ya mtu anayekoroma.

Tuanze na mlima wenyewe kwa wale wanaouona tu kwa mbali. Hanang ni mita 3,420, na sisi tunapanda kwa njia ya Jorodom kutokea Katesh na kushuka siku hiyohiyo. Hiyo ni siku ndefu, jamani. Mnaondoka giza halijatoka na mkichelewa kidogo juu, giza lingine linawakuta mkiwa njiani. Huku kwetu jua likishazama halina mazungumzo, nusu saa tu huoni unapoweka mguu. Na watu arobaini hawapandi mlima kama gwaride. Baada ya saa mbili za mwanzo wale wachezaji wa mpira wako mbele huko wanapiga selfi, katikati kuna wanaojikongoja, na nyuma kabisa tuko sisi tunaohesabu pumzi. Sasa niulize swali la kawaida tu: mweka hazina wetu mnamjua? Yule ni winga wa kulia! Atakuwa mbele. Na begi lenye tochi yangu litakuwa naye, mbele.

Ngoja niwape kisa, halafu mniambie kama nazidisha chumvi.

Mwaka jana nilipanda na kundi jingine, la mtaani sio la chuo. Kulikuwa na dada mmoja ana pumu, mzima kabisa siku zote, anacheka kuliko wote. Pampu yake alikuwa nayo, sio kwamba aliisahau nyumbani. Aliiweka kwenye begi lake la mgongoni, mfuko wa ndani, na zipu akafunga vizuri. Kufika kwenye kale kapandisho kakali, kijana mmoja mwenye nguvu zake akamhurumia, akamwambia dada lete begi nikusaidie. Wema mtupu. Akalibeba akasonga mbele. Nusu saa baadaye upepo wa baridi na vumbi vikamkamata yule dada kifua. Mliowahi kumwona mtu wa pumu akibanwa mnajua ile sauti, kama mluzi unaotoka ndani. Nilikuwa nimemshika mgongo, amekaa ameinama, mikono magotini. Tukaita. Upepo ukachukua sauti zetu ukaenda nazo kusikojulikana. Simu ya yule kijana ikawa haipatikani. Ikabidi mwingine atoke mbio kupanda, na kule juu mbio zenyewe ni hatua kumi unasimama. Dakika ishirini na kitu. Pampu ilipofika midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

Alipona, anadunda mpaka leo. Lakini zile dakika ishirini nimezikalia sana. Dawa ilikuwepo mlimani. Ilikuwa imenunuliwa, imebebwa, haijaisha muda. Kwenye orodha yoyote ya kamati ingepata alama ya tiki. Kwa yule dada, kwa dakika zile ishirini, ilikuwa sawa na dawa iliyoko duka la dawa Babati.

Ndiyo maana nasema hizi orodha zetu zina ugonjwa. Kila mtu anaandika nini cha kubeba, hakuna anayeandika kikae wapi. Na sehemu kitu kinapokaa ndiyo inayoamua kama unacho au huna. Mnaosafiri na mabasi mnalijua hili vizuri kuliko mnavyojua kwamba mnalijua. Begi likishaingia kwenye buti pale stendi, konda akapiga mlango pah!, lile begi sio lako tena mpaka Dodoma. Gari litasimama kuchimba dawa huko porini, dakika tano hizo mmeambiwa, na wewe tishu yako iko kwenye buti chini ya gunia la mtu la maharage. Hapo ndipo unamwona mtu mzima na shahada yake anaanza kumtazama jirani kwa macho ya upole. Wanawake wenzangu hapa sihitaji kueleza zaidi, mnajua pedi iliyoko kwenye buti inavyouma roho.

Bibi zetu hili walishalimaliza zamani. Mwangalie mama yeyote pale sokoni Babati akitaka kukupa chenji. Hafungui mkoba, hainami. Anashika pindo la kanga, anafungua fundo kwa vidole viwili huku anaendelea kukuuliza habari za masomo. Hela iko mwilini, anaigusa hata bila kuitazama, na kibaka akitaka kuichukua inabidi kwanza amvue mtu nguo. Nendeni mnadani mkawaangalie wazee wa Kibarbaig au Kimasai, ugoro uko kwenye kikopo kinaning'inia shingoni, sime iko kiunoni. Hujawahi kumsikia mzee anasema subiri nifungue begi nitafute ugoro. Watu hawa wanatembea nchi hii tangu enzi, wanajua kipi kinahitajika ghafla na kipi kinaweza kusubiri.

Sasa kipimo changu mie ni hiki, na nawaombeni mkijaribu leo usiku chumbani. Vaa begi lako lote kama unavyotaka kupanda nalo. Zima taa. Mkono mmoja weka nyuma, kana kwamba umeshikilia jiwe au umemshika mwenzio. Kwa ule mkono uliobaki, bila kulivua begi, itoe filimbi. Itoe tochi. Toa dawa yako. Kilichoshindikana hakiko mahali pake, basi, hakuna mjadala.

Filimbi ikae shingoni, kwenye kamba, ndani ya shati isikwame kwenye matawi. Bei yake haifiki chipsi mayai. Pale juu kelele za mtu zinachoka haraka, filimbi haichoki: milio mitatu, unapumzika, milio mitatu tena, na tukubaliane kabisa Katesh kwamba huo ndio wito wetu. Tochi, kama ni ya kuvaa kichwani, ivae tangu asubuhi, mchana iteremshe shingoni au itie mfuko wa suruali. Wale wa "nitatumia simu" nawapenda lakini nawahurumia. Simu hiyohiyo ndiyo kamera, ndiyo redio ya kundi zima, ndiyo benki, na baridi ya kule inakula chaji. Kama una kitochi cha zamani nyumbani kibebe hicho cha pili. Ile Nokia 1100 ya mwaka 2003 ilipata umaarufu huku kwetu kwa mengi, na kale kataa kake kichwani kalichangia, hata jina la kitochi tumebaki nalo mpaka leo kwa simu zote ndogo.

Hela nayo. Msiniambie iko kwenye simu. Najua, hata mimi yangu iko kwenye simu, tangu M-Pesa iingie Tanzania mwaka 2008 tumeharibika wote. Lakini bodaboda wa Katesh saa mbili usiku mtandao ukiwa unasumbua hataki maelezo. Noti ndogondogo za buku buku na sarafu za mia tano tano, sehemu mbili tofauti za mwili, na kitambulisho na kadi ya bima pamoja nazo. Sio mfuko wa nyuma wa suruali tafadhali! Pale stendi mfuko wa nyuma ni mali ya umma. Kitu kuwa karibu na mkono wako haina maana kiwe karibu na mikono ya kila mtu.

Na hapa niwageukie mafundi wa dunia nzima wanaoshona suruali za kike. Hivi tuliwakosea nini? Mfuko unauona kwa nje, una zipu, una vifungo vya kung'aa, ukiingiza vidole vinagota. Ni picha ya mfuko! Kaka zetu wanatembea na mifuko sita wanaweka funguo moja. Suluhisho langu ni fundi cherehani pale sokoni, unampelekea suruali na kipande cha kitambaa, anakushonea mfuko wa ndani wa zipu, unaondoka siku hiyohiyo. Au chukueni kibegi kidogo cha kiunoni, kikae mbele, tumboni, na usikivue hata wakati wa kupumzika, maana watu huvua wakakaa, wakainuka wakaacha.

Kanga msiache, hata nyie wavulana mnaocheka. Moja tu, juu kabisa ya begi chini ya kifuniko. Ni pazia la kuchimba dawa, ni shuka, ni kitambaa cha kufungia mkono uliovunjika.

Mvua inaweza kutukuta, kwa hiyo dawa na simu zinahitaji kitu kisichopitisha maji. Zamani tungesema rambo, lakini rambo zimepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na mifuko hii mbadala ikinyeshewa ni kama hukuweka kitu. (Lile tangazo lilinichekesha kidogo, watalii waliruhusiwa vile vifuko vya zipu vya kuwekea sabuni na mafuta ilimradi waondoke navyo.) Mie natumia kopo la siagi ya karanga, lile dogo la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha. Linaingia dawa, kiberiti, plasta, na ukilidondosha halipasuki.

Nirudi kwa kamati nisije nikaonekana mchochezi. Hoja yao wanasema vitu vikiwa kwa mmoja mmoja vinapotea, watu wazembe, mara ya mwisho filimbi tano hazikurudi. Ni kweli. Na kuna vitu nakubali vikae pamoja: bandeji kubwa, spiriti, sufuria, chakula cha akiba, kamba. Hivyo hakuna anayevihitaji ndani ya dakika moja. Lakini filimbi tano zilizopotea ni hasara ya shilingi ngapi, na pampu ya mtu kuwa nusu saa mbele yake ni hasara ya nini? Tena begi la pamoja lisiende na winga. Liende na mtu wa mwisho kabisa, kwa sababu anayeumia huwa anabaki nyuma, hasogei mbele. Mwenye begi akiwa nyuma atamkuta tu. Akiwa mbele itabidi apande yeye kisha ashuke, au apandiwe.

Na kuna lingine ambalo nalisema taratibu. Tutalala Katesh. Alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka mlima huuhuu tunaokwenda kuupanda, na watu zaidi ya themanini walifariki, Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Tutalala kwa watu wanaoikumbuka asubuhi hiyo. Kwa hiyo pale gesti viatu vikae chini ya kitanda vimeelekea mlangoni, tochi pembeni ya mto, na kile kibegi cha kiunoni kisifungiwe kwenye begi kubwa eti kwa sababu tumeshafika. Na mzaha wa "mlima ukishuka tena" nisiusikie, kuna mtu anayetupikia chai pale huenda alizika.

Mapendekezo yangu matatu nimeshamtumia mwenyekiti: kila mtu abebe vyake vidogo mwilini, wenye pumu, sukari au kifafa wawaambie wenzao wawili dawa iko mfuko gani, na mweka hazina abaki na hela za basi tu. Ameniandikia "tutaliangalia", na sisi wote tunajua maana ya tutaliangalia, kwa hiyo njooni kikaoni. Ni Alhamisi saa kumi na mbili jioni, nje ya kantini, na mje na mabegi yenu mmeshayapanga, tufanye lile jaribio la taa. Kamba za filimbi nitaleta mimi, nimepata mtu ana mabaki ya nyuzi za kufumia.

Wacha nikalale, kesho nina tesiti ya saa mbili.