Mtaji wa kamera uende kwenye lensi, si kwenye bodi

SOKO la kamera za dijitali za SLR, yaani zile zenye kioo ndani na lensi ya kubadilisha, limemgeukia mnunuzi mdogo. Bodi zilizokuwa zikibebwa na wapiga picha wa magazeti na mahoteli makubwa miaka kumi na mitano iliyopita sasa zinapatikana mtumba kwa sehemu ndogo ya bei yake ya awali. Ajabu ni kwamba wapiga picha wengi wa mikoani hawajanufaika na hali hiyo. Bado wanajinyima, wanakopa kwenye vikundi, kisha fedha yote wanaimaliza kwenye bodi mpya yenye boksi lake na lensi ndogo iliyomo ndani ya boksi hilo hilo.

Kwa mpiga picha wa Kilosa, Mikumi au Ulaya (hii ni Ulaya ya wilaya ya Kilosa, inayofikika bila pasipoti), ununuzi wa namna hiyo ni kufunga mtaji mahali usipozaa.

Sababu yake ni simu. Zamani, enzi za mikanda ya filamu, mwenye kamera alikuwa na kamera na wengine wote hawakuwa nayo. Alipiga picha 36, akasubiri mkanda uishe, akaupeleka mjini kusafishwa, na mteja alivumilia kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Leo katika kila arusi ya kijijini zipo simu ishirini, na mchana kwenye mwanga mzuri picha ya simu haina tofauti kubwa na ya kamera mpya yenye lensi ya milimita 18 hadi 55. Mteja anaiona tofauti hiyo ndogo, na ndipo anapoanza kuomba apunguziwe. Kinachobaki cha kuuza ni kile ambacho simu haikiwezi, nacho kimegawanyika katika mambo mawili: mwanga hafifu na umbali. Yote mawili ni kazi ya lensi kwanza, bodi baadaye.

Chukua mfano wa ukumbi wenye taa mbili tatu, saa tatu usiku, maharusi wanakata keki. Lensi ya boksi ikivutwa hadi milimita 55 hufunguka mwisho f/5.6. Lensi ya milimita 50 yenye f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi zaidi ya hapo. Maana yake ni kwamba pale ambapo lensi ya boksi inahitaji sehemu ya kumi ya sekunde, ambayo kila anayecheza atatoka kama moshi, lensi ya pili inapiga kwa karibu sehemu ya mia moja ya sekunde na mkono wa bibi arusi unaonekana na pete yake. Hakuna bodi ya bei ya kawaida inayoweza kuziba pengo la mara kumi. Nayo lensi hiyo si ghali: Canon ilipoitoa EF 50mm f/1.8 STM mwaka 2015 bei yake ilikuwa takriban dola 125, na toleo lililotangulia, la mwaka 1990, bado linazunguka kwenye soko la mtumba.

Kushuka kwa bei za bodi kuna historia yake. Canon ilipoleta EOS 300D mwaka 2003 kwa dola 899 bila lensi, ilikuwa SLR ya dijitali ya kwanza kuuzwa chini ya dola 1,000. Baada ya hapo viwanda vilishindana kila mwaka, na kwa takwimu za chama cha watengenezaji wa kamera wa Japani, SLR zilizosafirishwa duniani mwaka 2012 zilipita milioni 16. Kisha zikaja kamera zisizo na kioo. Kufikia mwaka 2022 SLR zilikuwa zimeshuka chini ya milioni 2. Canon ilikwisha kutangaza kwamba EOS-1D X Mark III ya mwaka 2020 ndiyo ya mwisho katika daraja lake la juu. Wapiga picha wa nchi tajiri wanahama, na kamera wanazoziacha zinaingia sokoni kwa wingi. Mtumba kutoka Ulaya ile ya ng'ambo unaweza kabisa kuishia katika Ulaya ya Kilosa.

Wapo wanaosema kununua kitu kinachokufa ni ujinga. Hoja hiyo ina uzito kwa mtu anayetaka kuja kuuza kamera yake baadaye. Huyo ajue mapema kwamba bei itaendelea kushuka. Lakini mashine ya kazi hununuliwa kwa kile itakachoingiza. Fundi cherehani hajali kama kiwanda kimeacha kutengeneza cherehani ya aina yake, mradi sindano na mikanda ipo. Kwa kamera, sindano na mikanda ni betri, chaja na lensi, na kwa Canon na Nikon vitu hivyo vipo vingi. Betri ya LP-E6, kwa mfano, inaingia kwenye 60D, 70D, 80D, 7D, 6D na 5D Mark II. Ile ya Nikon ya EN-EL15 inaingia kwenye D7000, D7100, D7200 na D750. Mwenye studio akianza na bodi moja ya familia hiyo, bodi ya pili atakayoinunua itatumia betri zile zile.

Bodi ipi basi? Dukani kamera mpya ya bei ya chini imekuwa ni ya mfano wa Canon EOS 4000D, iliyotoka mwaka 2018. Ni nyepesi, ni mpya, ina waranti. Lakini pete ya kufungia lensi ni ya plastiki, na kiatu cha flashi juu yake hakina ile nukta ya katikati, kwa hiyo flashi nyingi rahisi za kampuni nyingine, ambazo ndizo mpiga picha wa mkoani anazozimudu, haziwaki. Mtu anagundua hilo siku ya arusi. Bodi ya mtumba ya 60D au 70D ni nzito na imechubuka, lakini ina pete ya chuma, kiatu kamili na vitufe vya kutosha kwa anayefanya kazi haraka.

Upande wa Nikon, D7000 iliuzwa dola 1,200 bila lensi ilipotoka mwaka 2010. Ubora wake mkubwa kwa mwenye mtaji mdogo hauandikwi kwenye boksi: ina mota ya fokasi ndani ya bodi. Kamera ndogo za Nikon za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina mota hiyo. Lensi ya zamani ya 50mm f/1.8D, ambayo ni rahisi na kali, itajifokasi yenyewe kwenye D7000, lakini kwenye D3200 itabidi kuzungusha kwa mkono huku watu wanacheza. Wauzaji wengi hawalisemi hili, pengine kwa kuwa hata wao hawalijui. Kinyume chake pia kipo: lensi mpya za Nikon zenye alama ya AF-P hazifanyi kazi kwenye bodi za zamani kama D90. Kwa Canon shida ni ndogo zaidi. Lensi zenye alama ya EF, zilizoanza mwaka 1987, hukaa kwenye kila SLR ya EOS. Zenye alama ya EF-S ni za bodi za sensa ndogo tu, wala hazikai kwenye 6D au 5D.

Habari ya megapikseli isimpotezee mnunuzi usingizi. D90 ya mwaka 2008 ina megapikseli 12, na hiyo inatosha kuchapa ukurasa wa A4 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi na ziada ikabaki. Albamu nyingi za arusi hazifiki ukubwa huo.

Mikumi kuna biashara ya pili. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inaikata kwa takriban kilomita 50. Madereva wa watalii na waongozaji wanazidi kuona kwamba mgeni anayerudi hotelini bila picha nzuri ya simba ni mteja wa picha. (Upigaji wa kibiashara ndani ya hifadhi una vibali vyake, na hesabu ya faida isiyoingiza gharama hiyo ni hesabu ya uongo.) Tembo wa uwanda wa Mkata akiwa mita mia mbili, kwenye simu ni nukta ya kijivu. Kwenye lensi ya milimita 300 iliyofungwa kwenye bodi ya sensa ndogo, ambayo hukata picha kana kwamba lensi ni ya milimita 450 kwa Nikon au 480 kwa Canon, anaonekana hadi mikunjo ya sikio.

Hapa ndipo mtego mwingine ulipo, na unawanasa wengi. Kampuni zote mbili zimeuza lensi rahisi za kufika milimita 300 zisizo na kitulizaji cha mtikisiko. Canon ina EF 75-300mm, Nikon ina 70-300mm G ya zamani. Kwenye boksi namba inapendeza. Mkononi, jioni, wanyama wanapotoka, picha zinatoka na ukungu. Ni afadhali kukubali urefu mdogo: Canon EF-S 55-250mm yenye alama ya IS, au kwa Nikon 70-300mm yenye alama ya VR iliyotoka mwaka 2006. Kifuko cha mchele kwenye dirisha la gari na injini iliyozimwa vinasaidia zaidi ya megapikseli kumi za nyongeza.

Kwa mgao wa mtaji, katika kila shilingi 10 zisizidi 4 kwenye bodi. Nyingine 4 ziende kwenye lensi: anayeishi kwa arusi na mahafali achukue ya f/1.8 kwanza na lensi ya boksi ya mtumba kwa ajili ya picha za ukoo mzima. Anayeishi kwa wageni wa Mikumi aanze na ndefu yenye kitulizaji. Shilingi 2 zilizobaki ni za betri ya pili, memori kadi mbili na flashi. Mwenye wateja wanaodai video ndiye pekee anayestahili kuongeza kwenye bodi, kwa kuwa SLR nyingi za zamani hupapasa fokasi wakati wa kurekodi. Kwa huyo 70D ya mwaka 2013, ya kwanza ya Canon kuwa na fokasi ya pikseli pacha, ina faida ya wazi juu ya 60D.

Hofu ya mtumba ina msingi wake, ila mara nyingi inatiwa chumvi. Shata ya D7000 ilipimwa kiwandani kwa mibonyezo 150,000. Bodi iliyokwisha kupiga 60,000 imebakiza 90,000 kwa kipimo hicho. Studio ya kijijini yenye arusi 15 kwa mwaka, picha 500 kila moja, inatumia 7,500. Ni miaka 12. Mpiga picha wa Dar es Salaam mwenye arusi 40 za picha elfu moja moja ataumaliza mgao huo katika miaka miwili na ushei, kwa hiyo woga wake si wa kuhamishiwa Kilosa. Nikon huandika idadi ya mibonyezo ndani ya faili la picha yenyewe. Kwa Canon nyingi huhitajika programu ya kompyuta.

Lensi ndiyo ya kuogopa zaidi. Ukungu hukua ndani ya vioo vilivyofungiwa begini kwenye unyevu, na kusafisha kwake kunaweza kuzidi bei ya lensi. Dawa yake ni ndogo: pakiti za kunyonya unyevu ndani ya ndoo yenye mfuniko, na lensi kutolewa begini kila baada ya kazi, hasa masika.

Treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 ina kituo Kilosa, na safari ya Kariakoo imekuwa nyepesi kuliko ilivyokuwa. Anayekwenda asinunue kwa picha aliyotumiwa kwenye simu. Aende na memori kadi yake, afungue lensi hadi mwisho wa f yake ndogo na kupiga maandishi ya ukutani, akaze picha hiyo kwenye kompyuta aone kona zake, amulike tochi ndani ya kioo kutafuta nyuzi za ukungu, ajaribu kila kitufe na kiatu cha flashi kwa flashi ile ile atakayoitumia. Kisha adai risiti ya EFD yenye namba ya bodi, kwa sababu kamera isiyo na karatasi inaweza kuwa na mwenyewe anayeitafuta. Muuzaji anayekataa jaribio la nusu saa aachwe na kamera yake; maduka ni mengi mtaa huo huo.