Rekodi safi si kipimo cha bingwa wa kesho

MJADALA kuhusu bondia chipukizi atakayetawala ndondi za kulipwa miaka ijayo haujapoa, na kama ilivyo desturi, hoja inayotangulizwa na wengi ni idadi ya wapinzani waliolambishwa sakafu. Hata hivyo, matukio ya 2024 na 2025 yalidhihirisha kwamba hesabu hiyo pekee hupotosha.

Jina linalotajwa kwanza ni la Moses Itauma, Mwingereza aliyezaliwa Slovakia Desemba 2004, baba yake Mnigeria na mama Mslovakia. Alijiunga na ndondi za kulipwa Januari 2023 akiwa na umri wa miaka 18. Mnamo Agosti 2025, jijini Riyadh, alimzima Dillian Whyte katika raundi ya kwanza. Huo ulikuwa ushindi wake wa 13 katika mapigano 13, na katika 11 kati ya hayo wapinzani hawakufika kengele ya mwisho.

Kasi ya mikono yake ni nadra kuonekana katika uzani mzito. Lakini Whyte alikuwa na umri wa miaka 37 usiku huo, naye Mariusz Wach, aliyeshindwa na Itauma Julai 2024, alikuwa na miaka 44. Kufikia pigano hilo la Riyadh, hakuna aliyekuwa amemwona kijana huyo akiyumbishwa na konde zito, wala akitafuta pumzi katika raundi ya tisa.

Wanaomtawaza mapema wanafaa kukumbuka yaliyompata Jared Anderson. Mmarekani huyo wa Toledo, Ohio, alikuwa ameshinda mapigano 17 bila kushindwa, na wengi walimwona kuwa mrithi wa magwiji wa uzani mzito wa taifa lake. Agosti 3, 2024, jijini Los Angeles, alikutana na Martin Bakole wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Aliangushwa katika raundi ya kwanza, akaangushwa tena mara mbili katika raundi ya tano, na pigano likasimamishwa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Mfano ulio kinyume ni wa Abdullah Mason wa Cleveland, aliyezaliwa 2004 na anayetegemea mkono wa kushoto. Novemba 2024 aliangushwa mara mbili katika raundi ya kwanza na Yohan Vasquez. Wapo waliohitimisha papo hapo kwamba kidevu chake ni cha kioo. Mason aliinuka, akamwangusha Vasquez na kummaliza katika raundi ya pili. Mwaka mmodi baadaye, Novemba 2025, alimshinda Sam Noakes kwa pointi baada ya raundi 12 na kutwaa taji la dunia la WBO katika uzani wa pauni 135, akiwa na umri wa miaka 21.

Xander Zayas wa Puerto Rico naye alifika kwa njia ndefu. Alianza kulipwa 2019 akiwa na miaka 17, akalelewa hatua kwa hatua kwa karibu miaka sita hadi aliposhinda taji la WBO la pauni 154 Julai 2025. Usione vyaelea, vimeundwa.

Kipaji bila nidhamu pia hakitoshi. Keyshawn Davis, mshindi wa nishani ya fedha katika Olimpiki ya Tokyo, alitwaa taji la WBO la pauni 135 Februari 2025. Miezi minne baadaye alizidisha uzani na kulipoteza kwenye mizani, kabla hata ya kupanda ulingoni.

Kwa mashabiki wa Afrika Mashariki, suala hili si la kutazamwa kwa mbali. Mabondia wa kanda hii huonekana mara chache katika orodha za chipukizi, na mara nyingi hualikwa ng'ambo wawe ngazi ya kupandia wengine. Septemba 2018, Hassan Mwakinyo wa Tanzania aliitwa Birmingham kwa taarifa ya muda mfupi, akamkung'uta Sam Eggington katika raundi ya pili. Ngazi iligeuka ukuta.

Kenya nayo ina funzo chungu zaidi. Robert Wangila alinyakua dhahabu katika Olimpiki ya Seoul 1988, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo katika ndondi. Alihamia ndondi za kulipwa kwa matumaini makubwa, lakini hakuwahi kutwaa taji la dunia. Julai 1994 alifariki Las Vegas kutokana na majeraha ya ulingoni, akiwa na umri wa miaka 26. Kumtathmini bondia kwa sifa badala ya hali yake halisi ni jambo linaloweza kugharimu uhai, na wapangaji wa mapigano wanapaswa kulizingatia kabla ya kuuza tiketi.

Kwa kipaji pekee, Itauma anastahili kutajwa kwanza. Kwa ushahidi uliokuwepo kufikia mwisho wa 2025, Mason alikuwa mbele yake, kwa kuwa tayari alikuwa ameangushwa, akainuka na kushinda.