Masharti Kumi na Mawili ya Nini?

Muhula wa pili mtoto mmoja wa kidato cha kwanza alitozwa faini ya maktaba bila kosa. Aliazima kitabu tarehe 24 Juni kwa siku 14, akakirudisha tarehe 8 Julai, ndiyo siku yake hasa. Lakini kompyuta ilisema amechelewa siku moja. Akalipa huku analia. Programu ile tuliiandika sisi wa chama cha kompyuta, na sehemu ya miezi niliiandika mimi.

Kosa lilikuwa wapi? Nilitaka kompyuta ijue kila mwezi una siku ngapi. Basi nikaandika if ya Januari, kisha if ya Februari, hata nikafika Desemba: masharti kumi na mawili. Kwa uvivu niliandika moja, nikalinakili, nikawa nabadili tarakimu tu. Sharti la Juni nililinakili kutoka la Mei. Nikabadili 5 kuwa 6, nikasahau kubadili 31 kuwa 30. Wenzangu wawili waliisoma programu wasione kitu, kwa maana macho huchoka kusoma jambo moja mara kumi na mbili.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kitu kimoja kikilinganishwa na thamani nyingi zinazojulikana, na tutumie amri ya case. Katika Python huanza kwa neno match, nayo ipo tangu toleo la 3.10 la mwaka 2021. Miezi yote ya siku 30 huingia mstari mmoja: case 4 | 6 | 9 | 11. Miezi saba ya siku 31 hupata mstari wake, na Februari wake, kwa kuwa ina siku 28 au 29. Mwisho huwekwa case _, ya kumkamata mtu aliyeandika mwezi wa 13. Juni ikikosekana katika zile namba nne, nani asiyeona?

Wako wasemao kwamba mwanafunzi mpya asichanganywe, if yamtosha. Sikubaliani nao. Pascal, lugha ambayo Niklaus Wirth aliitunga kwa ajili ya kufundishia na kuitangaza mwaka 1970, ilikuwa na case.

Hata hivyo, case si dawa ya kila ugonjwa. Mambo yakiwa mawili tu, if yatosha. Na kupanga alama, kama kutoka 70 hata 79, ni kazi ya if. Tena katika lugha ya C, ukisahau kuandika break, kompyuta hupitiliza ikafanya na kazi ya case inayofuata.

Basi wenzangu, ukijiona unaandika if ya nne juu ya kitu kile kile, simama ufikiri. Programu tumeiandika upya, na fedha za yule mtoto tumemrudishia. Lakini hata leo akileta kitabu, huhesabu siku kwa vidole vyake mwenyewe kabla hajaingia mlangoni. Simlaumu.